Maneno ya Kupoza

Sidonie alikuwa na ufundi mmoja ambao kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, iliujua: kupoza maneno. Akikutafsiria kwa mgeni, ukali wako aliumimina huku na huku kama uji wa mtoto, hadi umfikie mwenyewe ukiwa vuguvugu. Wakongomani wenzake walimcheka kwa hilo, kisha wakamtuma tena.

Aprili hiyo ya 2003 alikuwa akimtafsiria Walter, Mmarekani wa kanisa aliyekuja kuchimba visima. Kofiani alibandika beji ya bendera yao, na mwanawe Kyle alikuwa askari kule Iraki. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Umwiza, binti wa Sidonie, alikuwa na tundu moyoni. Madaktari wa Mbarara walishanyoosha mikono, na Walter ndiye aliyeliandikia kanisa lake barua ili mtoto akapasuliwe huko kwao. Ilibaki sahihi yake tu, na Ijumaa Walter alikuwa anaondoka.

Ila bendera yake usiiguse! Jumatatu, kwenye hoteli moja ya Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, mwanajeshi wa kambi ya jeshi alimchokoza: "Mzee, nyinyi mnaenda Iraki kufanya nini? Hiyo vita si ya yenu, ssebo, bwana wangu." Asuman, dereva, akamtafsiria Walter neno kwa neno, tena akicheka. Walter aliacha sahani imejaa, na tangu siku hiyo Asuman hakuushika tena usukani wa gari la Mmarekani. Sidonie aliyaona yote.

Alhamisi kanisa la kambini lilimuaga Walter. Aliweka kinasa sauti chake mezani, kama kawaida yake, akaomba wamwombee Kyle. Kisha akasimama mzee Muhirwa, aliyekuwa mfugaji huko Kivu na sasa hana hata ndama.

"Umwambie hivi. Batoto yenu banaenda kupiga vita mu inchi ya batu, munasema munabaokoa. Na sisi balikuja kutuokoa. Balipomaliza kutuokoa, nilizika batoto babili. Umwambie hivyo hivyo, mama Umwiza. Usipoze."

Macho yote yalimgeukia Sidonie. Yeye alimtazama Umwiza kwenye benchi la mbele, midomo imepiga weusi, anahema kama aliyepanda mlima na hali ameketi tu. Mama gani angeyasema yale?

"Anasema alipoteza watoto wawili vitani," alimwambia Walter kwa Kiingereza. "Anaomba wako arudi salama."

Walter alivua kofia, machozi yakimlengalenga. "Mwambie najivunia mwanangu. Yuko kule kuwapa watu uhuru, na siku moja watatushukuru."

Sidonie akamgeukia mzee. "Anasema analilia batoto yako, muzee. Na anaogopa juu ya wake."

Muhirwa hakulitegemea hilo. Alimwendea Mmarekani, akamkumbatia, na wote wawili wakalia, kila mmoja kwa maneno ambayo mwenzake hakuyasema. Kwaya ikaanza kuimba. Sidonie aliona haya, tena haya kubwa, lakini furaha ilimzidi.

Walter alitia sahihi palepale, akaikunja barua na kuiingiza kwenye bahasha. Kisha akabonyeza kile kinasa sauti, akatoa kanda, akaitia kwenye bahasha ileile, akailamba na kuifunga.

"Barua peke yake haitoshi," alisema akitabasamu. "Kanisani kwetu kuna familia ya Wakongomani kutoka Bukavu, walifika mwaka jana. Jumapili, kabla kanisa halijapiga kura juu ya mtoto, watatutafsiria maneno ya huyu mzee. Neno kwa neno."

Bahasha ikaingia mfukoni mwa koti. Sidonie alitaka kuinyakua.

"Anasema nini?" Muhirwa aliuliza, bado anajipangusa macho.

"Anasema asanti, muzee," Sidonie alisema, macho yake kwenye mfuko wa koti.