Mwalimu Rula Arudi Darasani

Wanafunzi walimpa jina la utani, Mwalimu Rula, naye alijua na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha somo moja tu katika idara ya jiografia: kuchora ramani kwa mkono. Lakini muhula ule, kati ya viti thelathini vya chumba chake, ni vinne tu vilivyokaliwa. Wengine wote walikuwa wamehamia ghorofa ya juu, kwenye kompyuta.

"Hao wanabonyeza tu," aliwaambia wale wanne. "Ramani haibonyezwi, inachorwa."

Wakacheka kwa adabu. Nyumbani hakukuwa na wa kucheka naye. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma, na binti yao wa pekee aliolewa mbali. Mwalimu alikula amesimama jikoni, akaosha sahani moja, akarudi kwenye karatasi zake.

Jumanne moja asubuhi mlango wa ofisi yake ukagongwa. Alikuwa mwanafunzi wake bora, msichana mkimya aliyeondoka wiki iliyotangulia kwenda mafunzo ya kazi katika ofisi ya maji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

"Wamenirudisha." Alikaa bila kuambiwa. "Walinipa kompyuta, wakataka niweke visima vyote juu ya ramani ya mitaa, waone nyumba zipi ziko mbali na maji. Nikasema nitachora. Mkuu wao akauliza, kwa siku ngapi? Nikamwambia wiki tatu. Hakunicheka, Mwalimu. Heri angenicheka. Aliangalia saa tu, akasema nirudi nikishajua programu."

Yeye ndiye aliyemshauri asipoteze muda huko juu.

"Nimekuponza, mwanangu," akasema mwishowe.

Msichana hakukataa. Alitazama sakafu, kisha akaaga.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alipanda ngazi. Mkufunzi wa kompyuta alikuwa mwanamke ambaye Mwalimu mwenyewe aliwahi kumfelisha kwa sababu ya mistari iliyopinda.

"Mwalimu! Umepotea njia?"

"Nimekuja kusoma. Nipe kiti cha nyuma."

Msichana alikuwa safu ya pili. Aligeuka, akainamisha kichwa kumsalimu, akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake.

Mkono uliozoea kalamu ulimsaliti. Kipanya kilimteleza kama sabuni. Wiki ya kwanza alikosea vipimo, mto wake ukapita juu ya paa la hospitali, darasa zima likaangua kicheko. Akacheka nao, ila alipotoka masikio yalikuwa yanamchoma. Hata hivyo alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Wiki ya tano aliweka nyumba kwenye ramani, akaweka na visima, akaiamuru programu ipime umbali. Ilichukua asubuhi moja. Upande wa kusini bonde zima likageuka jekundu: nyumba zaidi ya mia mbili, hakuna kisima karibu. Bonde lile alilijua. Miaka ya nyuma alilitembea kwa miguu akiwa na utepe wa kupimia, akalichora mara nne, na michoro ilisifiwa. Lakini nyumba zilikuwa kwenye karatasi moja, visima kwenye nyingine, naye hakuwahi kuona wanaoishi pale wanachota wapi.

Alitaka kumwambia mtu. Kulia kwake kijana alikuwa na visikilizio masikioni. Akainuka, akaenda mpaka safu ya pili.

"Umeliona bonde la kusini?"

"Nililiona juzi, Mwalimu," msichana akajibu kwa upole. "Nimeshawapelekea ofisi ya maji. Wamesema nianze tena Jumatatu."

"Vizuri. Vizuri sana," akasema, akarudi nyuma kukaa.

Mwisho wa muhula aliandikia idara barua ya ukurasa mmoja: kila mwanafunzi wa jiografia afundishwe ramani za kompyuta tangu mwaka wa kwanza, na somo lake libaki wiki mbili ndani ya somo hilo. Aliisoma mwenyewe kikaoni. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Alitarajia angalau mtu mmoja apinge.

"Kuna mwenye neno?" mkuu wa idara akauliza.

Hakuna aliyekuwa nalo. Wakapiga makofi, wakaendelea na ajenda ya nne, iliyohusu funguo za maktaba.