Mlango ni Kazi ya Seremala

Kompyuta ilikuwa kuukuu, na ndani yake mlikuwa na gemu moja tu. Kaka mtu aliitua juu ya meza ya kukatia nguo siku aliyohamishwa kikazi, akasema, "Nitunzie, dada," akabeba begi lake akaenda zake. Kwa miezi miwili dada mtu, ambaye ni mshonaji, aliifanya mahali pa kuegemeza rula. Halafu ikaja alasiri moja isiyo na mteja hata wa kubadilisha zipu. Akaiwasha, aone tu kama bado inapumua. Kwenye kioo akakuta picha ya mtu mwenye nywele timutimu, ameshika jiwe. Akambonyeza.

Basi watu kumi na wawili waliovaa ngozi wakaingia nyumbani mwao.

Walikuwa watu wa kale na kale, kabla chuma hakijajulikana, wamesimama kando ya mto wakimtazama kama wateja waliofika dukani bila kitambaa. Kazi yake ilikuwa kuwaweka hai: wale, waote moto, wajenge kijiji, wavuke majira ya baridi. Maelezo yote yalikuwa kwa lugha ya kigeni, na shule yake yeye iliishia darasa la saba. Lakini alikuwa na mazoea ya fundi: nguo asiyoijua huigeuza ndani nje, akatazama ilivyoshonwa. Akawageuza wale watu vivyo hivyo. Alimpa mmoja jiwe jeusi, kikatoka kisu. Akampa la kijivu, mtu akajigonga kidole akaruka kwa mguu mmoja. Mwingine alimwacha akae bure bila kazi, ajue tu atafanya nini. Siku ya tatu ya gemu yule mvivu akaokota mkaa, akachora nyati kwenye ukuta wa pango. Mshonaji akacheka peke yake mpaka chaki ikamdondoka.

Jambo jingine alilijua kwa uchungu. Chui alimla mmoja wao, yeye akazima kompyuta akaiwasha tena, akidhani atamkuta. Hakumkuta. Gemu lile halikuwa na kurudi nyuma. Wakabaki kumi na mmoja.

"Huyo anajenga nini?" sauti ikauliza nyuma yake.

"Kibanda, baba."

"Hicho si kibanda, ni kikapu kilichopinduliwa. Mhamishie upande wa juu. Mto ukijaa atalala na samaki."

Baba yake alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Mzee Timazi, kwa sababu jicho lake lilikuwa kama ile kamba yenye risasi ambayo mafundi huipimia ukuta. Kitu kilichopinda kilimnyima usingizi. Miezi mitano iliyopita jukwaa la mbao lilimwangusha, akavunjika mkono wa kulia. Mfupa ukaunga vizuri. Vidole ndivyo vilivyobaki mapajani, vimejikunja, havishiki kijiko wala kifungo. Mama wa mazoezi ya viungo kule kliniki hakumung'unya maneno. "Mzee, mfupa umemaliza zamu yake, sasa zamu ni yako. Usipovitumia vidole hivi mwezi huu, vitakaa hivyo hivyo, na mwiko utaushika kwenye ndoto." Akampa mpira mdogo awe anauminya. Mzee Timazi akawapa mpira ule watoto wa jirani.

"Mimi sikupandisha maghorofa ili nije nichezee mpira kama mtoto mchanga," alisema.

Wiki mbili za mwezi ule zilikuwa zimekwisha kwenda.

Kiti chake kikaanza kusogea. Jumatatu kilikuwa dirishani, Jumanne katikati ya chumba, Jumatano kimegusana na meza. Akawapa watu majina ya kazi: Mbeba Maji, Mpasua Kuni, Bibi wa Moto, na yule mvivu akamwita Msanii. Alhamisi mteja alipoingia, mshonaji akainuka kumpima, na aliporudi alimkuta baba yake ameshika kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kushoto, kinayumba huku na huku, na watu wanatumwa mtoni badala ya porini.

Mshonaji akaketi kwenye cherehani yake. Yeye ni mtu wa kutazama. Mwaka wa kwanza alipokuwa anajifunza kushona, bibi aliyemfundisha alimkataza kugusa cherehani kwa wiki tatu, atazame tu, na tabia ile haikumtoka tena. Kwa hiyo aliona jambo ambalo baba yake alidhani halikuonekana. Roli la uzi liliviringika kutoka mezani, na mkono wa kulia wa Mzee ukalidaka hewani. Ukalidaka! Kisha Mzee akaliweka mezani kwa mkono wa kushoto, harakaharaka, na ule wa kulia akaurudisha mapajani kama kitu alichokiiba.

Kumbe mkono unaweza. Siku nzima akawa anajiuliza: sasa kama unaweza, anaogopa nini? Jibu lilimjia akiwa anapinda pindo. Mkono uliolala mapajani bado ni mkono wa fundi. Ukiamshwa ukashindwa, basi ni mkono wa nani?

Asubuhi iliyofuata, kabla Mzee hajatoka chumbani, akaingia chini ya meza na uzi wa kushonea vifungo. Akauzungusha waya wa kipanya mara tatu kwenye mguu wa meza wa kulia, akakaza fundo. Kipanya kikawa kinafika kwenye kona ya kulia tu. Ukikivuta kwenda kushoto, kinagoma.

"Mbona hiki kidude kimefupika?" Mzee akauliza.

"Vitu vya zamani, baba. Waya hujikunja kwa joto."

"Kwa joto," alirudia Mzee, akimtazama kwa jicho lile la timazi.

Hata hivyo mkono wa kulia haukuamka. Mzee alipitisha wa kushoto mbele ya kifua, akacheza amejipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Mshonaji akameza tamaa yake, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kijiji nacho kikawa kinakua, tena si mchezo. Vibanda vikahamia juu ya kilima, na kukizunguka kilima Mzee akajenga, taratibu, jiwe likimponyoka mara mbili tatu kabla halijakaa, ukuta wa mawe ulionyooka mpaka mshonaji akatamani kuupima kwa rula. Upande mmoja tu aliacha pengo la upana wa watu wawili.

"Na hapa, baba?"

"Hapo ni mlango."

"Mlango uko wapi?"

"Mwanangu, mlango ni kazi ya seremala. Mwashi anaacha nafasi, anakung'uta mikono, anakwenda zake. Miaka thelathini sijawahi kumshikia mtu randa."

"Na humu ndani seremala ni nani?"

"Atatokea."

Mshonaji akawatazama wale kumi na mmoja. Hakuna aliyefanana na seremala. Alitaka kubisha, lakini udadisi ukamshika: labda kweli gemu lina seremala, anasubiri tu nafasi yake iachwe wazi. Akanyamaza. Kosa hilo likawa la wote wawili.

Theluji ikaanguka kwenye kioo mchana wa jua kali. Muda huohuo mpishi wa shule, mama mnene mcheshi waliyemzoea kwa jina la Mama Masufuria, alikuwa amesimama katikati ya chumba ndani ya gauni lililoshonwa nusu. Mshonaji alikuwa amepiga magoti, pini nne mdomoni, anapanga pindo.

"Usinichome, mwanangu, nikipasuka mtafurika," alisema Mama Masufuria. Kisha akanyoosha shingo. "Mzee! Wale si mbwa?"

Walikuwa mbwa mwitu, sita, wanapanda kilima kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Waliuzunguka ukuta mara moja, wakainusa ile kazi nzuri, wakafika kwenye pengo, wakaingia.

"Watu wako wanaliwa! Mlango uko wapi?"

"Seremala hajafika!" Mzee akafoka.

"Wote wako hivyo hivyo! Wangu ana kabati langu tangu mwaka jana!"

Mpasua Kuni akaanguka. Bibi wa Moto akarusha kijinga cha moto, mbwa mwitu wakarudi nyuma hatua chache, nje ya ukuta, wakakaa kusubiri moto ufifie. Njia ilikuwa moja: kuliziba pengo kwa mawe. Lakini jiwe katika gemu lile lilitaka kidole kibonyeze, kishikilie, kivute bila kuachia mpaka lifike. Mkono wa kushoto, uliojipinda mbele ya kifua, ukashika jiwe la kwanza, likaanguka njiani. La pili likaanguka. Msanii akakimbilia pengoni na fimbo, akaburutwa nje.

"Msanii!" Mzee akalia, na mkono wa kulia ukatoka mapajani.

Mshonaji aliuona ukipanda. Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema hata kama angetaka. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, vikatua juu ya kipanya, na kile cha shahada kikatetemeka, kikakataa, kikabonyeza. Jiwe likainuka. Likavuka theluji polepole, likitikisika, jasho likimtoka Mzee kwenye kipaji cha uso. Likakaa. La pili likakaa ubavuni mwake. Mstari wa kwanza ukaisha, moto ukawa umebaki mwekundu tu, mbwa mwitu wakasimama. Mzee akauma mdomo. Mstari wa pili. Wa tatu. Mbwa mwitu mmoja akaruka, akagonga kifua kwenye mawe, akarudi chini.

 Ndani ya ukuta walihesabika tisa, wamekumbatiana.

"Mstari wa tatu umepinda," alisema Mzee Timazi, akihema.

Mama Masufuria akafungua mdomo, macho yake kwenye ule mkono ambao mtaa mzima ulikuwa umeukatia tamaa. Mshonaji akambana mguu chini ya gauni. Mama yule akakohoa, akasema, "Hata gauni langu limepinda, na hakuna aliyekufa."

Jioni, mshonaji alipokuwa anafagia vipande vya nguo, baba yake alikuwa bado ameketi mbele ya kioo.

"Wewe."

"Abee, baba."

"Lile fundo lako chini ya meza."

Ufagio ukasimama.

"Kesho ulilegeze kama inchi mbili. Linanikaza bega nikifika kona ya juu."

"Nilifungue kabisa?"

"Nimesema ulilegeze. Hukusikia?"

Mshonaji akasogea, akainama nyuma ya kiti. Wale tisa walikuwa wamekaa kuuzunguka moto mpya, na ukuta umewazunguka pande zote, hauna hata tundu la panya.

"Baba, sasa watatokaje? Kuni zikiisha?"

Mzee akakiachia kipanya. Alipapasa mezani, kwa mkono wa kulia, mpaka akaipata chaki ya kukatia nguo. Akaanza kuchora kwenye mbao ya meza: miimo miwili, kizingiti, ubao wa kufunga na kufungua. Chaki ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena, ikaviringika karibu na mkono wa kushoto.

"Seremala wao itabidi niwe mimi," alinong'ona, akaupeleka mkono wa kulia mpaka kule kuifuata.