Utepe wa Mama Ugaga

Sisi tuliopita kila siku mbele ya chumba kile cha hospitali hatukutambua kwa nini mama yule alikuwa ameacha kuimba. Kwa miaka mingi mlango wa chumba cha usafi wa kinywa ulitoa sauti mbili: chuma kikikwangua jino, na mwanamke akiimba chini chini ndani ya barakoa. Sauti moja ilipokoma, tulidhani ni uzee tu.

Alikuwa ameacha kuimba ili asikie.

Kidole gumba cha mkono wake wa kulia, na viwili vinavyokifuata, vilikuwa vimekufa ganzi. Ugaga, ule uchafu wa meno ulioganda chini ya ufizi, hauonekani kwa macho. Mkono ndio unaoutambua, kupitia chuma, kama mtu apapasaye ukuta gizani. Mkono wake haukutambua tena kitu. Basi alifumba macho na kutega sikio. Panapokwaruza ni ugaga. Panapoteleza ni jino.

Ndiyo maana asubuhi moja hakukiona kidole cha seremala aliyekuwa kitini.

"Ikiuma, inua kidole," alikuwa amemwambia, kama alivyowaambia wote. Seremala aliinua. Akakishikilia hewani, mtu mzima na ndevu zake, machozi yakimtiririkia masikioni, hadi mama yule alipofumbua macho na kuona kwamba alichokuwa akikikwangua ni mzizi wenyewe wa jino.

"Yarabi! Mbona hukupiga kelele, baba?"

Seremala alitema damu kwenye beseni, akajifuta. "Uliniambia kidole, Mama Ugaga. Kelele hukuniambia."

Jina hilo alilipata kwa wagonjwa, naye hakulikataa. Kabla yake, jino lililouma hospitalini hapo liling'olewa, na baada ya muda likafuatwa na jirani yake. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kwamba kinywa kisafishwe kwanza. Yeye ndiye aliyeingia wodini na mswaki na kitambaa, akawasafisha vinywa wagonjwa waliolala hoi, wauguzi wakimcheka, mpaka wakaacha kucheka na kuanza kumwiga. Vyuma vyake vilikuwa vimelika kwa kunolewa. Alivinoa mwenyewe kwenye jiwe, akajaribu makali yake juu ya bomba tupu la sindano. Lakini chuma kilicholika hudai nguvu, na nguvu ndiyo iliyoutafuna mkono. Kwa kila mkurugenzi aliyekuja aliomba kitu kimoja: ile mashine ya umeme inayoutikisa ugaga kwa maji, ambayo kazi ya mkono ni kuiongoza tu.

Mwaka huu wakamwita jukwaani. Mtumishi bora wa afya ya kinywa, walisema, aliyeinua taaluma. Na mashine, walisema, imenunuliwa.

Asubuhi ya sherehe binti yake alimfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja.

"Leo unavishwa kama bibi harusi, mama."

"Bwana harusi mwenyewe anatumia umeme."

Binti alicheka, kisha akaacha. "Waambie kuhusu mkono. Mbele ya watu wote."

"Niwaambie umekufa? Kesho watanipa maua na kuniambia nikapumzike. Na nyumba hii itakula nini, na nani atailisha?"

"Na wasipokupa mashine?"

"Wataniitaje jukwaani bure? Funga kifungo, mwanangu."

Mashine ilikuwa mezani, nyeupe, utepe wa buluu umefungwa mguuni mwake. Mkurugenzi alishika kipaza sauti. "Mama yetu huyu ametenda makubwa kwa mikono yake miwili. Na tangu nifike hapa, sijamsikia akilalamika hata siku moja!" Ukumbi ukapiga makofi. Mpiga picha alimtaka aishike mashine kwa mkono wa kulia. Aliukunja kwa msaada wa mkono wa kushoto, kidole baada ya kidole, na watu wakadhani anaona haya. Waliokaa mstari wa mbele walisema baadaye kwamba walimsikia akiimba.

Ukumbi ulipokwisha kutawanyika, aliikuta mashine ikipakiwa kwenye buti la gari la mkurugenzi.

"Mkurugenzi, samahani. Chumba changu ni upande wa huku."

"Nakijua, Mama." Alimwekea mkono begani. "Umeme wa kule si wa kuaminika. Kitu kama hiki kikiungua, atalaumiwa nani? Wewe. Acha nikihifadhi mahali salama."

"Mpaka lini?"

"Mama, leo ni siku yako. Usiiharibu kwa maswali."

Alikuwa amejiandalia sentensi moja kuhusu mkono. Ilikuwa imefika mdomoni. Dereva aliufunga mlango wa buti taratibu, asije akaubana utepe, na mama akaimeza.

Seremala aliporudi kuangaliwa ufizi wake, picha ya sherehe ilikuwa imetundikwa mbele ya kiti. Akaitazama kwa muda.

"Mashine hiyo naijua."

"Umeiona wapi?"

"Kwenye kliniki ya mkurugenzi, ile yake mwenyewe, ya jioni. Nilikuwa nafunga makabati. Ipo kando ya kiti, na utepe wake bado."

Mama Ugaga aligeukia vyuma vyake. Akachukua kimoja, akakijaribu kwenye bomba la sindano, akakirudisha, akachukua kingine.

"Inasafisha vizuri?" aliuliza hatimaye.

"Wenye nazo wanatoka wakicheka. Mimi niliambiwa nisiiguse."

Alivaa barakoa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akakihamisha chuma kutoka mkono wa kulia.

"Panua mdomo, baba. Ikiuma, usiinue kidole. Piga kelele."

Mlango wa chumba kile sasa unatoa tena sauti mbili: chuma kikikwangua kwa mkono wa kushoto, na mgonjwa akilia.