Upande wa Kushoto

Studio nzima ilimwita Masikio, na jina hilo hakulipata kwa kuhonga mtu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi sauti wa vitabu vya kusikiliza, na aliweza kusikia tumbo la msomaji likinguruma kabla mwenye tumbo hajajua kwamba ana njaa. Sasa mtu wa namna hiyo akitumwa dukani kuchagua kadi ya sauti ya kompyuta, tena ya bei mbaya, tena kwa hela ya ofisi, si angekwenda akipiga mluzi? Wapi! Aliingia duka lile kama mtu aliyeitwa polisi. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa naye upande wa kulia, amemshika mkono.

Mambo yalianza hivi. Kwa miezi minane wasikilizaji walikuwa wakilalamika kwamba msomaji hakai tena katikati ya kichwa, amehamia sikio la kushoto kama mpangaji. Bosi akamwita fundi wake. Masikio, bila hata kumeza mate, akajibu, "Kadi imechoka, bosi. Inabana sauti ya kushoto. Mimi naongeza upande huo ili nisikie sawa, kumbe nje inatoka nyingi." Uongo? Yeye mwenyewe hakuuita uongo, aliuita maelezo. Tena alitegemea yaishie hapo, maana katika ofisi ile kununua kalamu tu ni vikao vitatu.

Lo! Wiki hiyo hiyo bosi akasaini. "Kachague inayokufaa wewe, nzuri kuliko zote," alisema bosi. "Ila tukishainunua, habari ya kushoto sitaki kuisikia tena. Nikiisikia, nitajua tatizo si kadi."

Ndiyo hivyo, mwanamume akajikuta amesimama mbele ya kadi tatu, na mbele ya muuzaji mwenye miwani kwenye paji la uso na mdomo usiojua kupumzika.

"Hii ya kwanza inakaa ndani ya kompyuta, mzee. Nzuri, ila feni huko ndani huwa zinaipenyezea mvumo kidogo. Hii ya pili iko nje, inachomekwa kwa waya, na ina nguvu ya kusukuma hedifoni nzito kama hizo zako. Ya tatu, aa, ya tatu sitaki kusema mengi. Sikiliza mwenyewe."

Masikio alikuwa amekuja na rekodi yake, mwanamke mmoja akisoma mbele ya maiki moja. Sauti ya namna hiyo, kadi ikiwa nzima, hukaa katikati kabisa, kati ya nyusi. Akavaa hedifoni zake za kazini. Kwenye kadi ya kwanza, mwanamke alisomea kulia. Kwenye ya pili, kulia. Kwenye ya tatu alisikia mpaka kurasa zikifunguliwa na ulimi ukigusa meno, sauti tamu ajabu, na yote ikasimama kulia.

"Hata hii inabana kushoto," alisema.

Muuzaji akazivaa, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Mzee, mbona iko katikati? Labda umezivaa vibaya. Ngoja tuzigeuze."

Kugeuza hedifoni ni kipimo cha kwanza cha fundi sauti: ya kushoto unaivaa kulia, ya kulia unaivaa kushoto. Ubovu ukihama, kosa ni la vyombo. Ukibaki sikio lile lile, kosa ni la sikio. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kipimo hicho, na kwa miezi minane hakukifanya hata mara moja. Leo muuzaji alimgeuzia kabla hajasema hapana, akamvika kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

"Haya, imehamia wapi?"

Haikuhama. Yule mwanamke alibaki kulia, anasoma kwa utulivu wake. Masikio aliogopa, tena sana. Bila sikio alikuwa nani? Hakujua kazi nyingine.

"Iko katikati," alisema. "Nilikuwa nimezivaa vibaya. Nifungie hii ya tatu."

Muuzaji, kwa furaha, akaingia stoo kutafuta boksi. Mama Pacha akamvuta mumewe pembeni.

"Baba Pacha," alisema taratibu, "unamdanganya nani?"

"Kadi ni nzuri."

"Sijauliza kadi. Mimi nimehamia kulia kwako tangu mwaka jana. Mezani, barabarani, kitandani. Ulidhani napenda kulala kubanwa na ukuta?"

Kumbe mwenzake alijua, akabeba kimya kimya, akahamisha hata mto.

"Mwambie bosi wako ukweli," mkewe aliendelea. "Kesho twende kwa daktari. Pengine sikio linatibika."

"Na lisipotibika?"

Kabla hajajibiwa, simu iliita. Bosi! Akaiweka sikio la kulia.

"Masikio! Umepata?"

"Nimepata, bosi."

"Nilijua tu. Wewe ndiye unatusikilizia wote hapa, bila wewe tungefunga studio. Na kushoto je?"

Mama Pacha alikuwa anamtazama. Alimtazama vile anavyowatazama watoto wakivunja kitu, akiwapa nafasi ya kusema wenyewe. Masikio alifungua mdomo. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi, kweli kabisa lilifika.

"Kushoto safi, bosi. Hutasikia malalamiko tena."

Wakatoka na boksi. Barabarani malori yalikuwa yanapita, moja nyuma ya jingine. Mama Pacha aliuachia mkono wa mumewe, akampita kwa nyuma, akaja kutembea upande wake wa kushoto. Akaanza kusema. Masikio aliiona midomo ikicheza, aliyaona macho yamejaa machozi, maneno mengi, marefu.

"Umesemaje?" aliuliza.

Mama Pacha hakurudia, wala hakurudi kulia.