Uso wa Josiah na Baiskeli ya Kijani

Josiah alikuwa na uso usiojua kuficha kitu. Akipenda jambo, nyusi zinapanda, mashavu yanavimba, na yale meno yake ya mbele yenye mwanya yanatoka nje yenyewe kwenda kutazama. Garsen nzima ililijua hilo. Waliocheza bao naye hawakujisumbua kutazama kete, walimtazama yeye.

Hasara kubwa kuliko zote aliipata siku ya kupanga mahari. Mjomba wake, mtu mzima mwenye ulimi wa kubishana, alimwonya asubuhi hiyo, "Leo kazi yako ni moja tu. Tazama miguu yako." Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake Gladys alipomwita binti alete maji. Gladys akaingia na kata mkononi, mjomba akamkanyaga Josiah mguu kwa nguvu, Josiah akainua macho hivyo hivyo, na uso ukafanya yake. Baba mtu akautazama ule uso kwa raha, akakohoa, akaongeza mbuzi wawili. Miaka mitano ilikuwa imepita, na mjomba akikutana naye njiani alikuwa bado anamlilia mee.

Sasa mtu wa uso kama huo ndiye aliyetakiwa kwenda kununua baiskeli.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, na ofisi ya serikali ilitafuta tarishi wa kupeleka barua, leo Tarasaa, kesho Kipini. Karani alimwambia Josiah waziwazi, "Kazi ni yako. Lakini Jumatatu asubuhi njoo na baiskeli. Ukija kwa miguu, namwita yule pale." Na yule pale alikuwa ameshakaa barazani, baiskeli yake imeegemea nguzo, anaifuta kwa kitambaa na kupiga mluzi. Josiah alimchukia palepale, bila kumjua jina.

Fedha alikuwa nazo. Mpunga wa mwaka ule ulikuwa umekubali, ameuza, na ndani ya mkebe wa kakao chini ya kitanda zilikuwapo shilingi mia na themanini. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwa sababu Bwana Chengo, Mgiriama mwenye duka karibu na kivuko, alikuwa na baiskeli mbili za kuuza.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, ya heshima. Usukani wake umenyooka, nyuma ina keria ya kubeba gunia zima, na juu ya magurudumu ina madigadi, yale mabati ya kuzuia tope lisimrukie mtu. Bei yake shilingi mia na themanini. Ya pili ilikuwa ya kijani. Nyepesi, magurudumu membamba, haina keria, haina madigadi, na usukani wake umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo. Mzungu mmoja mpima ardhi aliiacha hapo alipokuwa akirudi kwao. Bei yake mia mbili na ishirini.

Josiah aliiona ya kijani na moyo ukamwenda mbio.

Msimdhanie mpumbavu lakini. Sababu alikuwa nazo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa huku kwetu hunata, ukajibana kati ya bati na gurudumu mpaka baiskeli inagoma katikati ya njia. Kwa macho yake aliwahi kumwona mhubiri wao amechuchumaa kando ya barabara, anachokoa tope kwa kijiti, huku kanisa zima likimngoja. Tena kwenda Kipini lazima uvuke mto, na baiskeli ya kijani angeitia mtumbwini kwa mkono mmoja. Haya yote alimweleza mkewe, vizuri, kwa utaratibu.

"Na mimi nitakaa wapi?" Gladys akauliza.

"Hapa mbele, Mama Florence. Kwenye mti wa katikati."

"Kama kuku anayepelekwa sokoni. Sikiliza, Baba Florence. Nyeusi ni mia na themanini. Wewe una mia na themanini. Unangoja Mungu akuambie nini zaidi?"

Josiah alimjibu kwa uso tu, na Gladys alipoutazama akaguna, akarudi kwenye chungu chake.

Basi Josiah akaenda kwa Mama Batula. Huyu alikuwa mama wa Kiorma aliyefiwa na mume mapema, akabaki na ng'ombe na watoto, na tangu siku hiyo hakuwahi kumtuma mwanamume kumuuzia wala kumnunulia mnyama. Madalali walimwamkia kwa adabu na kuomba asikae karibu nao. Alikuwa akimletea Gladys maziwa kila asubuhi, na Josiah alimpenda kama shangazi.

"Wewe, hii uso yako ni hasara," Batula akamwambia baada ya kumsikiliza. "Mnunuzi hapendi. Mnunuzi anaona huruma tu. Nenda, taja makosa yote, moja moja, mbele ya watu. Halafu ondoka. Ngoja siku tatu. Siku ya tatu, mwenye mali amechoka na mali yake, anataka iondoke nyumbani. Ng'ombe wangu wote nimenunua hivyo."

"Na uso, Mama?"

Batula akafikiri. "Uko na kwinini?"

Jumatano wakaenda pamoja dukani, Josiah na kidonge cha kwinini chini ya ulimi. Uchungu ulimkunja uso mpaka masikio yakasogea. Watu wanne watano walikuwa wakingoja kivuko, wakasogea kuona huyu amekasirikia nini.

"Bwana Chengo," akaanza, "hizi ni pembe za baiskeli au za kondoo mgonjwa? Mtu akiinama hivi anaendesha, au anatafuta sindano iliyoanguka?"

Watu wakacheka. Josiah hakuwahi kuchekesha watu kwa makusudi maishani mwake, na kicheko kile kilimlevya. Akaizunguka baiskeli, mikono nyuma. Akasema mgongo wake hauna hata pa kumweka kuku. Akasema iko uchi, haina bati mbele wala nyuma, na yeye kama ni yake angeifunika leso watoto wasione. Akafika kwenye rangi.

"Na hii kijani ni ya nini? Imepakwa, au kuna mtu alipenga kamasi?"

Mzee mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Bwana Chengo peke yake hakucheka. Hakubishana, hakuapa, hakutaja bei. Alisimama tu nyuma ya mizani yake akiitazama baiskeli kwa unyonge, kama baba aliyeambiwa habari za mwanawe na mwalimu. Josiah moyo ulimuuma. Alitamani kurudi kuishika ile pembe na kuiambia isimsikilize.

"Amekwisha," Batula akanong'ona walipokuwa wakiondoka. "Mpaka Jumamosi atakupa na kamba ya kuivutia."

Zile siku tatu Josiah hakula vizuri. Usiku aliota mtu mwingine anaondoka na baiskeli, na kila mara alikuwa yule wa barazani, anapiga mluzi. Jumamosi mapema alivaa shati jeupe na viatu vyake vya harusi, vyeusi, vilivyoshonwa Malindi, ambavyo vilikuwa vimevaliwa mara nne kwa jumla. Akachukua mkebe, akaweka kidonge chini ya ulimi, akampitia Batula.

Bwana Chengo alikuwa mlangoni anawangoja. Macho mekundu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Karibuni! Karibu, Josiah, karibu mwanangu! Maneno yako yaliniingia. Nilikasirika siku ya kwanza, siwafichi. Siku ya pili nikasema, huyu kijana ana haki, mimi nimeweka aibu dukani kwangu. Siku ya tatu nikatafuta spana."

Akawashika mkono, akawaingiza ndani.

Ukutani iliegemea ile baiskeli nyeusi ya kwanza, uchi, haina keria, haina madigadi, na kichwani imevikwa pembe za kondoo. Na katikati ya duka, kwenye gunia safi, ilisimama ile nyingine. Usukani umenyooka. Keria iko. Madigadi yako, mbele na nyuma. Na yote, kuanzia shingo mpaka mkia, imepakwa rangi nyeusi ya milango.

"Kila kosa ulilotaja nimeliondoa," Chengo akasema kwa fahari. "Kila moja."

Batula alifungua mdomo, akaufunga. Katika miaka yake yote ya kutukana ng'ombe hakuwahi kuona mwenye mali akienda kumnyoosha pembe. Jambo hili halikuwamo katika hesabu yake. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akajifunika uso kwa mtandio na kutoka nje, na huko nje walimsikia akicheka mpaka mbwa wa kivukoni akabweka.

Josiah hakucheka. Alisogea, akanyoosha kidole, akaigusa baiskeli pale karibu na kiti. Rangi ilikuwa bado haijakauka sawasawa. Kidole kikateleza na kuacha mstari, na ndani ya ule mstari ikaonekana kijani.

Ilikuwamo bado! Nyusi zikapanda, mashavu yakavimba, meno yakatoka. Kwinini ilikuwa chini ya ulimi na haikufua dafu.

Chengo aliuona uso ule. Akautazama kwa muda, kisha akamtazama Batula, ambaye alikuwa akirudi akifuta machozi, kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe iliyojaa rangi. Hakuwa mtu mzito wa kuelewa.

"Aaa," akasema. "Kumbe."

Akaketi juu ya gunia la sukari. Waliongoja kivuko walishaanza kukusanyika mlangoni, maana habari za Jumatano zilikuwa zimevuka mto na kurudi.

"Sasa nisikilize, Josiah. Nina bei mbili. Sema mbele ya hawa watu kwamba hii baiskeli ni takataka, neno moja tu, nami nakupa kwa mia na themanini kama ilivyo. Ukisema ni nzuri, bei ni ileile ya kwanza, mia mbili na ishirini, na pembe zake nitairudishia kwa mkono wangu. Chagua."

Batula alimsogelea haraka. "Sema takataka," akamwambia chini chini. "Tutaondoa hayo yote nyumbani. Spana iko kwa fundi wa kivuko. Sema tu, mtoto wangu. Neno moja."

Josiah alijua Batula ana haki. Shilingi arubaini kwa neno moja. Hakuna tarishi duniani aliyewahi kulipwa hivyo. Akakitafuna kile kidonge chote kwa mara moja. Akafikiria yule wa barazani na mluzi wake. Akamfikiria mjomba. Akafungua mdomo, na watu wakanyamaza, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye ule mstari mdogo wa kijani.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana, Bwana Chengo. Jumatano nilisema uongo, na nilikuwa naumia."

Mlango mzima ukalipuka kwa kicheko. Batula akapiga paji la uso. "Huyu hata simba angemnunua kwa bei ya mwenyewe!" akasema, lakini mkono wake mwingine ulikuwa begani kwa Josiah na haukutoka.

Mkebe ulimwagwa mezani, mia na themanini. Arubaini haikuwapo, wala haikuwa na mahali pa kutoka. Chengo akaangalia huku na huku, macho yakashuka mpaka sakafuni, yakakaa hapo kwenye viatu. Akaweka mguu wake kando ya mguu wa Josiah, akapima. Josiah akainama akafungua kamba.

Alifika nyumbani miguu mitupu, anaisukuma baiskeli yenye pembe za kondoo, isiyo na keria, isiyo na madigadi, nyeusi yenye mabaka ya kijani, na shati lake jeupe limeharibika kwa rangi kuanzia kifuani. Gladys alikuwa uani anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. Akamtazama kuanzia juu, na alipofika miguuni akasimama hapo.

"Viatu."

Josiah akamweleza yote, kidonge, Chengo, bei mbili, bila kujipunguzia. Alijua yanayokuja, akajiweka tayari.

"Yaani ulitakiwa useme neno moja," Gladys akasema pole pole.

"Neno moja."

"Na hukuweza."

"Nilijaribu, Mama Florence. Wallahi... samahani, kweli kabisa nilijaribu."

Gladys aliingia ndani, akatoka na kitambaa na chupa ya mafuta ya taa, akachuchumaa kando ya baiskeli. Akamimina kidogo, akasugua. Rangi ya milango ikaanza kutoka, na kijani kikaja, kwanza kama sarafu, kisha kama kiganja. Ilikuwa nzuri kweli. Josiah naye akachuchumaa, akachukua upande wa pili, wakasugua wote wawili kwa muda mrefu.

"Wale mbuzi wawili," Gladys akasema bila kuinua kichwa. "Baba aliniambia baadaye. Kama ungetazama chini, asingewataja kabisa."

"Najua. Mjomba alinikanyaga."

"Alikukanyaga kabla hujatazama?"

"Kabla."

Gladys akaacha kusugua. "Basi kwa nini ukatazama?"

Josiah alifungua mdomo atafute la kusema, lakini Gladys alikuwa ameshainua macho, na uso wa mumewe ulikuwa umeshajibu.