Vifo Vitatu vya Katunge

Wayua alipewa kazi ya kijitabu mwezi mmoja kabla ya uzinduzi. Seneta Kilatya alitaka wananchi wa Kaunti ya Kyamundu wamwone akifanya kazi, na njia aliyoichagua ilikuwa kukusanya kila neno alilosema bungeni kuhusu miswada ya kaunti, lichapwe kwenye karatasi ya kung'aa, na picha yake iwe juu. Wayua alikuwa msaidizi wake wa utafiti kwa mwaka wa nne sasa. Hotuba nyingi aliziandika yeye, kwa hiyo alidhani kazi ingekuwa nyepesi.

Akaketi na kumbukumbu rasmi za Seneti, akasoma tangu mwanzo. Siku ya kwanza alicheka. Mheshimiwa alikuwa amechangia mara mia mbili na kitu, na zaidi ya nusu ilikuwa sentensi moja: asante Bwana Spika, naunga mkono. Kulikuwa na siku aliyounga mkono mswada asubuhi na kuupinga alasiri, kwa maneno yale yale. Siku nyingine alizungumza dakika tano nzima juu ya mbolea, Spika akamkumbusha kwamba mjadala ulikuwa wa maktaba za kaunti, naye akashukuru na kuendelea na mbolea.

Kicheko kiliisha siku ya pili, alipofika kwa Katunge.

Katunge alikuwa mtu halisi. Alikuwa binti wa pekee wa Mbeneka, mwalimu mstaafu wa Ngwani, na alifia njiani akijifungua, kwa sababu zahanati ya Ngwani haikuwa na gari la wagonjwa. Wayua mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Mbeneka miaka mitatu nyuma, akaketi jikoni kwake, akaandika. Mswada wa Afya ya Kaunti ulikuwa unajadiliwa, na kulikuwa na kipengele kilicholazimisha kila kaunti kuweka gari la wagonjwa katika kila wadi. Wayua aliiandika hotuba ile usiku kucha, na Mheshimiwa aliisoma vizuri mno. Katikati sauti ilimkatika. Alisema msichana yule alikata roho ameikumbatia leso ya mama yake. Maseneta wawili walipangusa macho, na Wayua, kule juu kwenye viti vya wageni, alijivuna kama mzazi.

Sasa aligeuza ukurasa na kutazama kura. Kipengele cha magari kilianguka. Palipoandikwa Kyamundu, ilisemwa kwamba seneta hakuwepo ukumbini. Kura yake isingekiokoa, lakini haikuwepo.

Miezi tisa baadaye, katika mjadala wa barabara na madaraja ya kaunti, Mheshimiwa alisimama tena. Hotuba hii Wayua hakuiandika. Alimweleza Bwana Spika juu ya msichana wa Ngwani, jina lake Katunge, aliyesombwa na mafuriko akienda sokoni kwa kuwa hakukuwa na daraja. Maiti yake ilipopatikana, alisema, mkononi ilikuwa na leso ya mama yake.

Mwaka uliofuata ukaja mswada wa maji. Katunge akanyakuliwa na mamba, ameinama na mtungi. Leso ikabaki ukingoni.

Wayua aliisoma ile ya mamba mara mbili, kisha akaenda msalani na kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu kichafu. Aliporudi, chai yake ilimshinda kunywa.

Alimfuata Mheshimiwa ofisini. Alimkuta akila samosa juu ya meza, mafuta yakimng'aa vidoleni, akamwekea kurasa tatu mbele yake.

“Mheshimiwa, huyu ni mtu mmoja.”

“Najua.”

“Amekufa mara tatu.”

Kilatya alizipitia zile kurasa, akitafuna, kisha akatabasamu kama aliyekumbushwa mzaha wa shule. “Wayua, pale ndani napewa dakika tano. Hesabu hazilizi mtu. Si wewe ndiye ulinifunza hivyo? Uliniletea yule msichana, nikaona watu wamenyamaza. Sasa nimwache?”

“Mamake yuko hai.”

“Na tunampenda sana. Hata umwalike, akae mbele.” Akajifuta vidole kwa ukurasa wa mafuriko. “Kwa kitabu chagua moja tu, hizo zingine utoe. Ile ya mamba ni kali.”

Siku moja kabla ya uzinduzi Wayua alikwenda Ngwani. Alijiambia kwamba ni heri mama yule asikie kwake kuliko kusikia jukwaani. Mbeneka alimkaribisha kwa sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akavaa miwani, akasoma kurasa zote tatu kwa utaratibu wa mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini. Hakulia. Alipomaliza, alizipanga kingo zake sawasawa.

“Mamba,” akasema. “Mto wetu kiangazi hauloweshi hata wayo.”

Wayua alianza kusema pole. Mbeneka akamkatiza, akauliza uzinduzi ni saa ngapi.

Kesho yake uwanja wa soko ulijaa. Kulikuwa na hema, pilau, na fulana za bure zenye uso wa Mheshimiwa. Mbeneka aliwekwa safu ya kwanza, kati ya chifu na mchungaji, fulana ikiwa imekunjwa mapajani pake. Mheshimiwa alinyanyua kijitabu juu, akasema kwamba kila ukurasa ni jasho lake, kisha akatangaza kwamba mama wa shujaa wao, marehemu Katunge, yuko pale na atawasalimia. Kipaza sauti kikapelekwa.

Mbeneka alisimama, akangoja watu watulie, kama darasani.

“Mimi ni Mbeneka, mamake Katunge. Nauliza kama mwalimu tu, Mheshimiwa. Mtoto wangu alikufa mara ngapi?”

Watu walitazamana. Akaendelea kwa sauti ile ile isiyopanda. Akazitoa zile kurasa, akasoma tarehe ya mafuriko, na tarehe ya mamba. Kisha akasema Katunge alikufa Jumanne, ndani ya mkokoteni wa punda, kilomita mbili kabla ya hospitali, na mtoto tumboni. “Hakushika leso. Hakukuwa na leso. Alikuwa ameshika ubao wa mkokoteni, na ilibidi tumbandue vidole.”

Wayua alikuwa amesimama kando ya jukwaa. Leso ile aliiweka yeye. Usiku ule wa kuandika aliona ubao wa mkokoteni hautawagusa maseneta.

Wayua alidhani Mheshimiwa amekwisha. Lakini Kilatya alikuwa keshashuka jukwaani, mikono wazi, amemkumbatia yule mama kabla hajakaa. Akakichukua kipaza sauti taratibu kutoka mkononi mwake. Machozi yalikuwa tayari.

“Mmeusikia uchungu wa mama?” akawauliza watu. “Huu ndio uchungu ninaoubeba kila siku nikiingia Seneti.”

Makofi yakaanza mbele, kwa chifu, yakasambaa. Mwanamume mmoja nyuma alisema kwa nguvu, “Jibu swali,” na wachache karibu naye wakaitikia, lakini muziki ulikuwa umeshafunguliwa na watu walikuwa wakijipanga kwenye masufuria. Mheshimiwa alipompita Wayua, alimnong'oneza kwamba ile video ya kumkumbatia mama irushwe mtandaoni mara moja. Hakuwa na hasira hata chembe. Alinukia manukato na vitunguu vya pilau, na Wayua alilazimika kuzuia pumzi.

Alimkimbilia Mbeneka, ambaye alikwisha kuiacha fulana kwenye kiti na kushika njia.

“Mwalimu, nisamehe.”

Mbeneka hakusimama. “Hiyo leso uliitoa wapi?”

“Niliona itawagusa.”

“Basi wewe na yeye mnafanya kazi moja.”

Jumatatu Wayua aliandika barua ya mistari miwili na kuacha kazi. Wiki hiyo hiyo nafasi yake ilijazwa. Aliiandikia ofisi ya kumbukumbu za bunge akiomba hotuba zile zirekebishwe, wakamjibu kwa adabu kwamba maneno yaliyonenwa ukumbini hubaki jinsi yalivyonenwa, na anayeweza kuomba marekebisho ni seneta mwenyewe. Miezi miwili baadaye, shirika moja lilimtuza Kilatya kama mchangiaji bora wa miswada ya kaunti, kwa kuhesabu mara alizosimama kuzungumza.

Wayua alimpigia Mbeneka simu kumweleza kuhusu lile jibu la ofisi ya kumbukumbu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Sawa,” akasema. Kisha akauliza, “Umepata kazi nyingine?”

“Bado.”

“Tafuta ya mikono,” Mbeneka akasema, akakata simu.