Mbwa Asiyekanyaga Chini

Verlene Haskew alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha pikapu yake, asubuhi ya Januari, mdogo wake wa kiume, Orval, alipoingia uani na gari lake akashusha boksi la matufaha. Ndani yake kulikuwa na mbwa jike mdogo, masikio marefu, manyoya yameshikana kama sufi iliyolowa. Orval alimtoa akamweka kwenye theluji. Mbwa akatembea hadi kwenye ngazi za nyumba, na nyuma yake theluji ikabaki laini vilevile, bila alama hata moja. Nyayo zake zilipita upana wa kidole juu ya ardhi.

"Hajawahi kukanyaga chini," alisema Orval. "Kazaliwa kwenye sakafu ya waya, kazalia kwenye waya. Sasa uzazi umemwisha."

Verlene aliuliza wengine waliokwisha uzazi huwapeleka wapi.

"Huwa nawamaliza mwenyewe, Dada. Huyu nimeshindwa."

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu Novemba. Mwaka mzima uliotangulia Verlene alikuwa akisimama nje ya duka la vyakula kukusanya sahihi, ili wananchi wa jimbo lile waulizwe kama mbwa wa kuzalishwa apewe sakafu ngumu, nafasi ya kugeuka, mlango wa kutokea nje na mapumziko kati ya uzazi na uzazi. Wanaume wa mgahawani walimwita mama wa majibwa, wakamuuliza kama mbwa nao watapiga kura. Siku ya kura, Novemba hiyo, mijini walisema ndiyo, huku vilimani wengi wakasema hapana, na ndiyo ikashinda. Orval, mwenye vizimba vya mbwa wa kuzalishwa vilivyojaa mabanda mawili marefu nyuma ya nyumba waliyozaliwa wote wawili, aliacha kuja kula kwa dada yake Jumapili.

Verlene alimpa mbwa jina la Opal. Alimwosha, akamkata manyoya, akamwekea supu ya kuku jikoni. Opal alikula akiwa juu ya sakafu upana ule ule wa kidole, akalala vivyo hivyo, na blanketi chini yake likabaki bila kubonyea. Usiku Verlene alimsikia akijizungusha mahali pamoja, mzunguko mdogo sawa na kizimba, ingawa chumba kizima kilikuwa chake.

Kabla theluji haijayeyuka, habari zikaja kwamba wabunge wa jimbo wanataka kuibadilisha ile sheria hata haijaanza kutumika. Verlene akavaa koti lake la kanisani, akampakia Opal garini, akaenda mji mkuu. Mlinzi wa mlango wa bunge alimwambia mbwa hawaruhusiwi kukanyaga humo. Kisha akainama, akatazama nyayo za Opal na marumaru iliyo chini yake.

"Huyu hakanyagi," alisema. "Piteni."

Mwenyekiti wa kamati iliyosikiliza maoni alikuwa Garland Pruett, mbunge wa vilima vyao, aliyewahi kusoma na Orval. Verlene alisimama mbele yao. Hakusema mengi.

"Sikuja kuwafundisha kupenda mbwa. Wengine hamtaweza, na si kosa. Nimekuja kwa sababu tuliulizwa tukajibu. Mtu akikuuliza, ukamjibu, kisha akasema hujajibu, alikuuliza ya nini?"

"Dada Verlene," alisema Pruett kwa upole, "watu wetu wana moyo mzuri. Ila hawakuelewa walichokipigia kura."

"Mimi nilielewa, Mheshimiwa. Na wewe walikupigia kura siku hiyo hiyo, kwenye karatasi ile ile. Hapo walielewa?"

Watu wa viti vya nyuma walicheka kidogo. Pruett naye akatabasamu, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali. Wakati huo Opal alikuwa akipita mbele ya meza zao, hewani, akinusa viatu vya waheshimiwa. Mmoja aliuliza kama mbwa wa namna hiyo huchafua zulia. Akajibiwa hapana, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akaitwa Orval. Alieleza jinsi bei ya nguruwe ilivyoanguka, jinsi watu wa benki walivyowashauri wafugaji wageukie mbwa, na kwamba sakafu mpya kwa mbwa wote ingemfungia kazi. Yote yalikuwa kweli, na Verlene aliyajua. Pruett akamuuliza kama anamfahamu mbwa yule.

"Ni wangu," alisema Orval. Hakumtazama dada yake. "Wangu wote wanatembea hivyo. Ukiwa nao kila siku, huoni."

Pruett akamshukuru naye, akaita jina lililofuata. Majira ya kuchipua yalipofika wabunge walipiga kura. Waliondoa sakafu, wakaondoa nafasi, wakaondoa mapumziko, wakaiachia sheria jina lake.

Kiangazi chote Verlene alimfundisha Opal ardhi. Alimketisha kwenye nyasi, akaweka kiganja mgongoni pake, akamwelemea taratibu. Opal alikunja miguu kama anayeogopa kuungua. Mara moja tu, baada ya mvua, alishusha mguu mmoja wa mbele hadi ukagusa tope. Aliuinua, akautazama muda mrefu, akaulamba mpaka ukawa safi. Verlene aliingia ndani akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha redio.

Vuli ilipoingia Opal akafa, kifua kimejaa maji. Verlene alimpigia simu mdogo wake, kwa kuwa udongo wa pale ni mawe matupu na mgongo wake haukuweza. Orval akaja na sururu, akachimba chini ya mti wa jozi. Walimfunga Opal kwa shuka, wakamteremsha. Akabaki upana wa kidole juu ya sakafu ya kaburi.

Orval alipiga magoti, akatia mikono yote miwili shimoni, akambonyeza. Alipoachia, shuka ilipanda tena. Akajaribu mara nyingine, polepole zaidi, kama mtu anayemlaza mtoto. Verlene aliona mabega yake yakitikisika, akageuza uso wake upande wa barabara ili Orval asione haya.

"Mfukie tu," alisema Verlene.

Walimfukia. Walipomaliza Verlene alimwambia kuna pai, na kahawa iko jikoni tayari. Orval alipangusa magoti, akatazama jua lilipofika.

"Siku nyingine, Dada," alisema. "Nina mbwa wa kulisha."